Suzanne Valadon na mwili wa mwanamke: tofauti ya jicho lake inaonekana wapi kwenye picha?

Mkaa na Karatasi ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu.

Mimi ni mchoraji mwanamke, na kwa sasa kazi yangu kubwa ni kuchora mwili mtupu wa mwanamke, kwanza kwa mkaa na baadaye kwa rangi za mafuta. Kabla ya kuendelea nimeona ni busara kuwatazama kwa makini waliotangulia, na katika kutazama huko nimekaa zaidi na Suzanne Valadon, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1865 na kufariki mwaka 1938, kwa sababu ni mmoja wa wanawake wachache wa kizazi chake walioufanya mwili mtupu kuwa somo kuu la kazi yao, tena bila kumwomba mtu radhi.

Kinachonitatiza ni hiki. Karibu kila maelezo ninayosoma juu yake yanarudia wazo moja, kwamba wanaume waliwachora wanawake kama vitu vya kutazamwa naye akawachora kama watu. Sina ugomvi na wazo hilo, lakini halimfai mtu aliyesimama mbele ya kanvasi na brashi mkononi. Ukiniambia kwamba fulani amemchora mwanamke kama mtu, nitakuuliza ni kwa mstari gani, kwa rangi gani, modeli, yaani anayechorwa, amekaa vipi na mchoraji alikuwa umbali gani. Degas, mchoraji wa kiume wa Paris wa wakati wake, naye aliwachora wanawake wakioga, wakijikausha na wakichana nywele. Hawamtazami yeyote wala hawajipambi kwa ajili ya yeyote. Hata hivyo, nikiweka picha ya Degas kando ya picha ya Valadon nahisi wazi kwamba waliozichora hawakuwa wamesimama mahali pamoja. Hisia ninayo, maelezo yake sina.

Naomba basi mnisaidie kwa mambo mawili. La kwanza, ni kitu gani hasa ndani ya picha, kinachoweza kuonyeshwa kwa kidole, kinachozitofautisha picha za Valadon? La pili, je, kitu hicho kimetokana na kuwa kwake mwanamke, au kuna jambo jingine katika maisha yake? Mjadala wa kama mwili mtupu uchorwe au usichorwe una mahali pake, na ningeomba usiletwe hapa.

---

Msomaji wa Picha amejibu:

Dada Mkaa, nitaanza na swali lako la pili, kwa kuwa nadhani ndilo linalofungua la kwanza.

Valadon hakuingia katika sanaa kupitia mlango wa chuo. Mama yake alikuwa mfuaji wa nguo za watu, naye akakulia Montmartre, Paris, akahangaika na vibarua vya kila aina, akajaribu sarakasi mpaka alipoanguka na kuumia, kisha kwa takriban miaka kumi akajipatia riziki kwa kuwakalia wachoraji kama modeli. Puvis de Chavannes alimchora, Toulouse-Lautrec alimchora, na mwanamke tunayemwona akizungushwa katika dansi ya Bougival iliyochorwa na Renoir mwaka 1883 ni yeye. Hata jina lake limetoka huko. Mama yake alimwita Marie-Clémentine. Inasimuliwa kwamba ni Toulouse-Lautrec aliyembandika la Suzanne kwa utani, akimfananisha na Susana wa kwenye Biblia aliyechunguliwa na wazee akioga, kwa sababu bibie alikuwa akiwakalia wasanii wazee. Yeye akalipokea lile jina la utani na kulitumia kutia sahihi kazi zake. Mimi huona kwamba kitendo hicho kina ukali kuliko maelezo mengi yaliyoandikwa juu yake.

Sasa fikiria modeli anajua nini ambacho mchoraji hakijui. Anajua kwamba kukaa bila kutikisika ni kazi ya sulubu. Mguu unakufa ganzi, bega lililobeba kichwa linawaka, baridi inapanda kutoka sakafuni, na mkao uliopendeza mwanzoni unageuka kuwa adhabu kabla ya mapumziko. Mtu aliye upande wa kanvasi anaona umbo. Aliyewahi kukaa upande wa pili anajua uzito uko wapi. Ndiyo maana jambo la kwanza ninalokuomba ulitazame kwa Valadon ni uzito. Wanawake wake wamelalia kitu kweli. Kiti kinawabeba, paja linatandazika pale linapokutana na shuka, tumbo linashuka upande ule mwili ulioinamia, na mkono ulioegemewa unaonekana kubeba mzigo. Katika picha nyingi za utupu zilizoshangiliwa kwenye maonyesho ya Paris ya wakati ule, mwanamke huelea, na kitanda kimewekwa chini yake kama pambo tu.

Jambo la pili ni mstari. Valadon alikuwa mchoraji wa kalamu na mkaa kwa muda mrefu kabla ya kujikita katika rangi za mafuta. Degas alinunua michoro yake na ndiye aliyemfundisha kuchonga picha kwenye bamba la metali kwa ajili ya kuchapisha, na mwaka 1894 michoro yake ilipokewa katika maonyesho ya Société Nationale des Beaux-Arts, chama cha wasanii cha Ufaransa. Alipogeukia rangi kwa nguvu, kuanzia kama mwaka 1909, hakuuacha ule mstari. Mwili umezungushiwa mpaka mweusi au wa buluu iliyoiva, mnene, usiobembeleza. Mtazame Renoir kwa kulinganisha: ukingo wa mwili unayeyuka ndani ya majani na hewa, mpaka ngozi, maua na mwanga vinakuwa kitambaa kimoja cha kupendeza, na mwanamke anageuka sehemu ya mandhari. Kwa Valadon mwanamke anaishia mahali fulani, na chumba kinaanzia hapo. Ndani ya mpaka huo ngozi haina rangi moja ya krimu. Kuna kijani kwenye kivuli, kuna ocha, yaani rangi ya udongo wa manjano, kuna wekundu usiopatana na jirani yake. Baadhi ya wahakiki waliuona mstari huo kuwa mkavu, wakausifu kwa kusema ni wa kiume, sifa ambayo haieleweki ikiwa ni tuzo au tusi.

Tukija kwa Degas, ambaye ndiye mlinganisho mgumu kweli, angalia alikosimama. Mara nyingi tunamtazama mwanamke kutoka juu na kwa nyuma kidogo, kama katika ile picha ya beseni ya mwaka 1886, na Degas mwenyewe alinukuliwa akifananisha utazamaji huo na kuchungulia kupitia tundu la ufunguo. Wanawake wake hawajipambi kwa sababu, kwa mujibu wa picha, hawajui kwamba kuna mtu. Wanawake wa Valadon wanajua. Mchoraji yuko chumbani, karibu, na kwa kawaida macho yake yako usawa mmoja na kiwiliwili cha modeli. Wanajua kwamba wanatazamwa, na wanaendelea kujikausha, kukaa, au kuchoka bila kubadilisha chochote kwa sababu hiyo. Tofauti uliyoihisi, nadhani, iko hapo: upande mmoja mwili umevamiwa bila taarifa, upande wa pili mwili umekubali kuwapo mbele ya mtu mwingine na bado haufanyi maonyesho.

Usiache pia kuitazama picha yake ya chumba cha buluu ya mwaka 1923, ingawa mwanamke wake amevaa. Amejilaza kama walivyojilaza wanawake watupu wa karne nyingi, kama alivyojilaza yule Olympia wa Manet wa mwaka 1863, lakini ana suruali ya kulalia yenye mistari, sigara mdomoni, na vitabu miguuni pake. Ukiiondoa kwenye hesabu kwa kuwa si picha ya utupu utakuwa umelikosa jibu lake kwa picha za utupu.

---

Haki ya Shaka amejibu:

Nimefurahia maelezo ya Msomaji wa Picha kuhusu mstari na uzito, ila naomba tuwe waangalifu na hatua inayofuata. Alichokieleza ni ujuzi wa modeli, si ujinsia wa mchoraji. Kama mwanamume angekuwa modeli kwa miaka kumi kisha akashika brashi, je, asingeujua uzito wa mwili uliochoka? Na kwa upande wa pili, wapo wanawake wengi waliopita vyuoni, wakajifunza mtindo uliouzika, na wakachora miungu wa kike waliolainishwa kama marumaru, ambao hakuna jicho litakaloweza kuwatenganisha na kazi za wenzao wa kiume. Jinsia haikuwaokoa na mazoea ya soko.

Nina wasiwasi pia na neno uvamizi kuhusu Degas. Modeli wa Degas walikuwa wanalipwa na walijua fika kwamba yuko pale. Faragha ile ni ya kuigiza, kama mkao mwingine wowote. Kwa hiyo kinacholinganishwa ni namna mbili za kutunga picha, na namna hizo anaweza kuzichagua yeyote. Dada Mkaa aliomba kitu cha kuonyesha kwa kidole. Mstari naukubali, usawa wa macho naukubali. Jicho la mwanamke bado sijaliona.

---

Dirisha la Kaskazini amejibu:

Ndugu Haki ya Shaka, ukikubali kwamba ujuzi unatokana na mahali mtu aliposimama, basi huwezi kulipita haraka swali la nani aliruhusiwa kusimama wapi. Kwa muda mrefu sana kuchora modeli mtupu ndiko kulikuwa msingi wa mafunzo ya uchoraji wa hali ya juu, na wanawake walifungiwa nje ya chumba hicho. Royal Academy ya London, chama cha wasanii chenye chuo chake, ilipoanzishwa mwaka 1768 ilikuwa na wanawake wawili miongoni mwa waasisi wake, Angelica Kauffman na Mary Moser; lakini Johan Zoffany alipowachora wanachama wakiwa wamekusanyika kwenye darasa la modeli, wanaume wapo chumbani kwa miili yao, na hao wawili wapo kama picha zilizotundikwa ukutani. Wanafunzi wa kike wa chuo hicho waliruhusiwa kumchora modeli hai mwaka 1893 tu, naye akiwa amefunikwa sehemu. École des Beaux-Arts, chuo cha sanaa cha Paris, iliwafungulia wanawake mlango mwaka 1897. Kule Philadelphia, Thomas Eakins alilazimika kuacha kazi ya ualimu mwaka 1886 baada ya kumvua modeli wa kiume kitambaa cha kiunoni mbele ya darasa lenye wanawake.

Kabla ya hapo, mwanamke aliyebahatika alikuwa binti wa mchoraji. Artemisia Gentileschi, Mwitaliano, alijifunza katika karakana ya baba yake, Orazio, na picha yake ya Susana na wazee, ya mwaka 1610, inafaa kuwekwa kando ya ile ya Tintoretto, mchoraji wa kiume wa Venice, iliyotangulia kwa zaidi ya nusu karne. Susana wa Tintoretto ametulia bustanini anajitazama kwenye kioo, ngozi yake inang'aa kuliko kitu chochote katika picha, na sisi tunaitwa tushirikiane na wazee kumtazama. Susana wa Artemisia amekaa kwenye jiwe tupu, kiwiliwili kimepinda, shingo imegeuka, mikono imeinuliwa kuwazuia wanaume wawili wanaomnong'onea kutoka juu ya ukuta, karibu mno. Ngozi ina mikunjo pale mwili ulipopinda. Kisa ni kilekile, ila mmoja amechora kuoga, mwingine amechora kuudhiwa. Sisemi kwamba mwanamume asingeweza kuliwaza hilo. Nasema ni nadra kumwona aliyeliwaza.

Mfano wangu wa pili ni Laura Knight, Mwingereza. Alipokuwa chuoni hakuruhusiwa kuingia darasa la modeli hai, akabaki kunakili sanamu za plasta, jambo lililomuudhi maisha yake yote. Mwaka 1913 alichora picha ambayo ni jibu lake: yeye mwenyewe, amevaa kofia na sweta jekundu, amesimama ametugeuzia mgongo, mbele yake modeli, rafiki yake Ella Naper, aliye mtupu naye akitupa mgongo, na kando yao kanvasi ambako mwili uleule unaonekana ukichorwa. Kwa hiyo mgongo wa modeli unaonekana mara mbili, mara moja kama mwili na mara moja kama kazi, na kati ya viwili hivyo kuna mwanamke anayefanya kazi. Royal Academy iliikataa, na mhakiki wa gazeti la Daily Telegraph akaiita chafu. Picha hiyohiyo, ingeonyesha modeli peke yake, isingekuwa na la ajabu. Kilichokera ni kuonekana kwa anayechora. Hivi sasa ipo National Portrait Gallery ya London, na Knight mwenyewe alifanywa mwanachama kamili wa Royal Academy mwaka 1936, mwanamke wa kwanza kufikia hapo tangu wale wawili wa mwanzo.

---

Mkaa na Karatasi amejibu:

Nawashukuru nyote. Hoja ya usawa wa macho na ya mpaka wa mwili zimenipa kitu cha kufanyia kazi mara moja, na shaka ya ndugu yetu naiheshimu, maana ndiyo niliyokuja nayo.

Naomba niongeze jambo moja. Modeli ninayempata kwa urahisi zaidi ni mimi mwenyewe mbele ya kioo, na nimeona kwamba mkao wangu wa kioo unageuka kuwa wa kujipamba hata nisipotaka: tumbo linaingia ndani, kidevu kinapanda. Je, wapo waliolitatua hili, na walilitatua vipi?

---

Kioo Kirefu amejibu:

Hapa ninaweza kuchangia, kwa kuwa kazi yangu karibu yote ni ya kujichora.

Mwanamke wa kumtazama kwanza ni Paula Modersohn-Becker, Mjerumani. Mwaka 1906, akiwa Paris na mbali na mume wake, alijichora mtupu hadi kiunoni, akiwa na mkufu wa kaharabu na mikono imezunguka tumbo kana kwamba ana mimba, na chini ya picha akaandika kwamba aliichora siku ya kutimiza miaka sita ya ndoa. Mimba hakuwa nayo wakati huo. Alifariki Novemba 1907, chini ya wiki tatu baada ya kujifungua, na watu wengi huisoma picha kupitia kifo hicho, jambo ambalo naliona kuwa ni kumwonea, maana aliyesimama pale ni mtu aliye katikati ya kazi yake bora. Kuhusu swali lako, tazama alivyopunguza mambo: uso ni maumbo makubwa machache, rangi ni kavu isiyong'aa, mwanga hautoki upande mmoja kwa kishindo. Mwanga mkali wa pembeni huuchonga mwili na kuufanya wa jukwaani. Mwanga uliotawanyika haukupi nafasi hiyo.

Wa pili ni Alice Neel wa Marekani, ambaye alikuwa amewachora wanawake wajawazito watupu kwa uwazi mkubwa na alimaliza picha yake mwenyewe, mtupu, mwaka 1980 akiwa na miaka themanini. Ameketi kwenye kiti chenye mistari ya buluu, brashi mkono mmoja, kitambaa mkono wa pili, miwani usoni. Huo ndio ufumbuzi ninaokupendekezea: jichore ukichora. Mwili unaofanya kazi hauna nafasi ya kuvuta tumbo, kwa sababu bega limeinuka kufuata brashi, shingo imenyooshwa mbele kutafuta kitu, na uso una ule ukali kidogo wa mtu anayepima. Ukiuona ukali huo kwenye kioo, usiulainishe, hata kama utaonekana umekasirika.

Kwa upande wa utendaji, weka kioo chini ya usawa wa macho yako, au kiegemeze ukutani kwa pembe ndogo, ili mwili uonekane kabla ya uso; uso ukitangulia, kila kitu kingine kitautumikia. Anza na mahali mwili unapogusa kitu, yaani nyayo, makalio, kiwiko, kisha panda juu. Weka alama za chaki sakafuni kuzunguka nyayo na miguu ya kiti, maana ukirudi baada ya mapumziko utarudi kwenye mkao mzuri zaidi, si ule uliokuwa nao. Kioo cha pili nyuma yako kitakupa mgongo, ambao hujawahi kujifunza kuupamba. Picha za simu sizipendekezi kwa hatua za mwanzo, kwa kuwa lenzi iliyo karibu hukuza kilicho mbele na kupunguza kilicho nyuma, na mtu huishia kurekebisha makosa ya lenzi akidhani ni makosa ya mwili wake. Ila ukubwa huo wenyewe unaweza kuwa somo: Jenny Saville, katika picha yake ya mwaka 1992 ya mwanamke aliyeketi juu ya kigoda, alitumia mtazamo wa kutoka chini, mapaja yakajaa mbele yetu na kichwa kikawa mbali juu. Picha hiyo iliuzwa mnadani London mwaka 2018 kwa zaidi ya pauni milioni 9, wakati huo bei ya juu kuliko zote kwa kazi ya msanii wa kike aliye hai.

---

Haki ya Shaka amejibu:

Nakubali sehemu ya hoja ya Dirisha la Kaskazini, na nitaongeza ushahidi mmoja ambao pengine unamsaidia yeye kuliko mimi. Mwaka 1909 Valadon alichora Adamu na Hawa, watu wazima wawili watupu wakitembea pamoja chini ya mti, Hawa akiwa na sura yake mwenyewe na Adamu akiwa na sura ya André Utter, mpenzi wake aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka zaidi ya ishirini. Picha hiyo ipo katika mkusanyo wa Centre Pompidou, makumbusho ya sanaa ya Paris. Baadaye, ili iweze kuonyeshwa hadharani, majani yaliongezwa kiunoni mwa Adamu, na picha ya kamera ya zamani inaonyesha jinsi alivyokuwa kabla ya hapo. Hawa aliachwa kama alivyo.

Bado sisemi kwamba hilo linathibitisha kuwapo kwa jicho la mwanamke. Linaonyesha kwamba mwanamke alipomchora mwanamume kwa kipimo kilekile alichojichorea yeye, watazamaji walihitaji majani upande mmoja tu. Dada Mkaa, kama utachora watu wawili siku moja, ningependa kujua utaanza na yupi.